Sahani ya Nzega

Siku nne sasa usingizi wangu umekuwa wa vipande vipande, na kila kipande kinakatishwa na swali moja: mtoto wa miaka saba akiuliza dada yake yuko wapi, ajibiwe nini? Nimeligeuza swali hili mpaka limechubuka. Nikimwambia ukweli, nitamtia hofu ambayo sitajua kumwondolea. Nisipomwambia, ataubuni ukweli wake mwenyewe, na huo utakuwa mbaya kuliko wetu. Nalijua hilo kwa sababu niliwahi kuwa mtoto huyo. Halafu najiuliza kama kweli nataka kumsaidia mtoto, au nataka tu kumkomoa mwanamke mmoja. Halafu najiuliza kama ni dhambi kufanya yote mawili kwa pamoja.

Mwanamke huyo ni jirani yetu wa Cheyo, hapa Tabora. Jina lake sitalitaja, na wala halikuwa likitajwa. Sisi tuliolelewa uani kwake tulimwita Jirani tu, kana kwamba mtaa mzima haukuwa na jirani mwingine. Niseme mapema, ili msomaji asitegemee haki kutoka kwangu: simpendi. Nilijaribu kumpenda nilipokuwa chuoni, kwa kuwa umbali husaidia, lakini nilipomwona tena amesimama mlangoni kwake na kanga imekazwa kiunoni, jaribio lile likaisha.

Riziki yake ilitoka kwenye asali. Sifa yake ilitoka kwa watoto. Mtaani kwetu, nyumba ikipata mgonjwa wa kitandani, watoto wadogo wa nyumba hiyo hupelekwa kwa Jirani. Nguo zao hufungwa ndani ya kanga, wanavushwa barabara, na wanakaa kwake mpaka mgonjwa apone au asipone. Hakuna anayekumbuka nani alianzisha desturi hiyo. Yeye mwenyewe hakuwahi kuomba chochote kwa kazi hiyo, na aliyejaribu kumlipa alirudishiwa mkono wake. Watoto walikula kwake, walioga kwake, walilala kwake kwenye mkeka mmoja mpana. Nimewahi kuhesabu vichwa kumi na kimoja juu ya mkeka ule.

Sharti lilikuwa moja. Kwa Jirani, mgonjwa hatajwi. Ukiuliza kaka yako yuko wapi, jibu lilikuwa, "Kaenda Nzega." Ukiuliza atarudi lini, "Mtu aliyekwenda Nzega hurudi akimaliza shughuli zake." Kila mtoto aliyeugua sana pale Cheyo, kwa miaka niliyoijua mimi, alikwenda Nzega. Kwa nini Nzega? Nimelifikiria hilo kuliko inavyofaa. Nadhani ni kwa sababu ni mji wa karibu kiasi cha kuaminika, na wa mbali kiasi kwamba hakuna mtoto atakayekwenda kuhakikisha.

Watu wazima walijua, bila shaka. Mwenye duka la pembeni, mzee mmoja wa Kiarabu ambaye familia yake imeuza vitambaa pale tangu zamani, alikuwa akimtania akija kununua kiberiti.

"Jirani, nasikia Nzega kumejaa sasa. Watoto wote wa Tabora wako huko."

"Pamebaki nafasi ya wazee wenye midomo mirefu," alimjibu. "Nikukatie tiketi?"

Mzee alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilikuwa nimesimama pale na chupa ya mafuta ya taa, nikaona ni habari njema: kumbe Nzega kuna watoto wengi. Kassimu, kaka yangu, hakosi wa kucheza naye.

Kuhusu asali, Jirani alikuwa mkweli wa kutisha. Sokoni kulikuwa na wachuuzi waliochemsha sukari wakaichanganya na asali kidogo, ionekane nzito. Yeye alidondosha tone la asali ndani ya glasi ya maji mbele ya mteja, akaliacha lizame. Likifika chini zima, aliuza. Siku moja mrina asali kutoka porini alimletea ndoo, tone likayeyuka katikati ya maji. Jirani aliibeba ndoo nzima akaimwaga shimoni mbele ya yule mtu.

"Unanidanganya mimi, nami nikamdanganye mtoto wa mtu?" alimfokea. "Toka hapa!"

Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka sita, nimekaa juu ya kinu kilicholazwa, na kaka yangu alikuwa kaenda Nzega.

Misemo yake sikuisikia kwa mtu mwingine yeyote. "Mtoto hapewi habari, hupewa uji." Huo aliusema huku anapakua, na uji wake ulikuwa mzuri, siwezi kulikana hilo. Mwingine ulihusu nyuki. Mama mmoja, ambaye mtoto wake mchanga alikuwa amelazwa, alimwuliza kama haingekuwa vyema kuwaeleza wale wakubwa japo kidogo. Jirani alimtazama kama mtu aliyependekeza kulala na mlango wazi. "Watoto ni kama nyuki," alisema. "Nyuki haelezwi. Hupulizwa moshi, akatulia." Nimeona nyuki waliopulizwa moshi. Hawajatulia. Wamedhani msitu unaungua, wakajaza matumbo asali ili wakimbie nayo.

Alikuwa pia na maelezo yake kuhusu mji huu. Alisema Tabora ni mji wa walioachwa. Misafara ya zamani ilipumzika hapa, ya kwenda ziwani na ya kurudi pwani, na mpagazi aliyeugua aliachwa hapahapa, mzigo wake akatwishwa mwingine. "Sasa wale waliokuwa wanaendelea na safari," alituuliza sisi watoto, kana kwamba tungejua, "mnadhani waliambiwa? Waliambiwa mwenzenu katangulia. Mwenye mzigo kichwani akijua ndugu yake kabaki nyuma, atageuza shingo. Na mwenye mzigo akigeuza shingo, anaanguka." Maelezo hayo nimeyatafuta vitabuni nisiyapate. Lakini yanaelezea kila kitu alichotufanyia. Kwake, sisi tulikuwa wa kuendelea na safari, na kazi yake ilikuwa kutushika shingo.

Mara moja tu nilimwona anageuka mwenyewe, na kwa haki ndogo niliyo nayo ni lazima niliandike hili. Mwalimu wa shule ya msingi alimchapa mtoto mmoja wa mkekani, aliyekuwa anasinzia darasani. Jirani alikwenda shuleni pekupeku, akasimama mlangoni mwa darasa, akasema mbele ya wanafunzi wote, "Huyu ana mgonjwa kwao. Ukimgusa tena, utanigusa mimi." Mwalimu hakumgusa tena. Ila njiani kurudi yule mtoto aliuliza, "Jirani, nani mgonjwa kwetu?" Naye akamjibu, "Hakuna. Tembea."

Sasa sahani. Kila mchana, watoto tukiwa tumezunguka sinia la ugali, kabla hajaruhusu mkono hata mmoja kunyooshwa, alichukua sahani ndogo ya bati yenye ukingo wa buluu, akapakua ugali na mboga kidogo, akafunika na kawa. "Hii ya Nzega," alisema. Kisha akaipeleka jikoni. Nilijua kabisa jinsi inavyosafiri: Jirani anampa kondakta wa basi, kondakta anaiweka mapajani, Kassimu anaisubiri stendi. Siku iliyopikwa nyama, nilipewa vipande viwili. Kimoja nilikiweka juu ya sahani ile kwa mkono wangu. Jirani aliniona, akaifunika.

Baadaye nilizunguka nyuma ya jiko kutafuta mpira wa makaratasi. Alikuwa amesimama kauelekea ukuta, sahani ya buluu mkononi, anakula. Alikula haraka, bila kukaa, kama mtu anayeiba. Nyama yangu ilikuwa inatafunwa. Sikumwambia mtu. Nadhani chuki yangu ilizaliwa pale, na ina umri wa miaka ishirini.

Lakini chuki ni rahisi kubeba. Kilicho kizito ni kombe.

Kwa asiyejua, kombe ni aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi ya mawaridi, na maji yale akanywa mgonjwa. Maalimu wa madrasa yetu alimwandikia Kassimu. Jirani ndiye aliyetumwa kulichukua, akaliweka ndani ya bakuli kwenye rafu ya chumba chake mpaka jioni, alipokuwa akivuka kwenda kwetu. Mimi niliingia chumbani kwa kiu. Maji yalikuwa ya njano, yananukia kama sikukuu. Nilikunywa funda moja. Kisha nikanywa yote.

Jioni alitupanga ukutani, watoto wanne. "Nani kanywa?"

Hakuna aliyejibu.

"Haya," alisema, akaligeuza bakuli juu chini tuone lilivyo kavu. "Aliyekunywa kamnywea mwenzake uzima wake. Mwenyewe anajijua."

Akaenda kuliosha. Hakuuliza tena, siku ile wala nyingine yoyote.

Baada ya siku chache Kassimu alifariki. Sikuambiwa. Jirani aliendelea kupakua sahani ya Nzega kama kawaida, na ni sasa tu ninapojua kwamba kwa zaidi ya mwezi mzima aliipakulia maiti. Nilirudishwa nyumbani baada ya arobaini. Godoro la Kassimu halikuwepo. Nilimwuliza Dada, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na aliyebaki nyumbani kusaidia kuuguza. Akanishika mdomo. "Nyamaza, Mama atasikia."

Habari niliipata madrasani, kutoka kwa mtoto tuliyekuwa tunagombania kibao cha kuandikia. "Nzega gani, we mjinga? Kaka yako kazikwa. Baba yangu kalibeba jeneza." Wenzetu walicheka. Nilimpiga kwa kibao kilekile, nikachapwa, na kulia kwangu kukahesabiwa kuwa ni kwa sababu ya fimbo. Usiku ule, na mwingine mwingi, nilipiga hesabu ya maji ya bakuli lile. Kama ningeacha nusu? Kama ningekiri palepale ukutani, Maalimu asingeandika jingine?

Nilipofaulu kwenda kidato cha kwanza Mwanza, basi lilisimama Nzega ili abiria wale chakula. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa nimeshasimama kaburini kwa Kassimu zaidi ya mara tano. Hata hivyo nilishuka, nikamtazama usoni kila kijana aliyekuwa anauza mayai ya kuchemsha, mmoja mmoja, mpaka dereva akapiga honi.

Hayo ndiyo ninayomdai Jirani. Dada hamdai chochote. Anampenda.

Dada sasa ana watoto watatu, wote wa kike: Saida mwenye miaka tisa, Rukia mwenye saba, na Mwanaidi mwenye minne. Mumewe huendesha lori la Kigoma, mara nyingi yuko njiani. Wazazi wetu hawapo tena. Mimi nimerudi nyumbani na shahada ya ununuzi na ugavi, ninaandika barua za maombi ya kazi, ninasubiri. Saida ana selimundu. Damu yake imezaliwa na kasoro, na daktari aliyetueleza hivyo ndiye aliyetufanya tuelewe, baada ya miaka yote hiyo, kilichokuwa kikimvunja Kassimu mifupa. Wiki iliyopita Saida aliamka analia kichwa, na mkono wake wa kushoto ukawa haushiki kitu. Alilazwa, akaongezewa damu. Madaktari wanazungumzia kumpeleka Mwanza. Dada yuko naye wodini mchana na usiku.

Siku ya kwanza alinipigia simu. "Wapeleke wale kwa Jirani."

Na mimi, niliyeandika yote haya, nilifunga nguo zao kwenye kanga nikawavusha barabara. Ndiyo. Nilimpa salamu, nikamkabidhi mafurushi, nikarudi nyumbani kufikiri.

Siku ya nne nilikwenda kuwaona. Jirani alikuwa ametoka. Rukia alinikalia karibu kwenye ngazi, akauliza, "Mjomba, Nzega ni mbali kuliko shuleni?"

"Nani kakwambia habari za Nzega?"

"Saida kaenda huko. Jirani anamwekea sahani." Akavuta pumzi, akanisogelea sikioni kabisa. "Nilimfinya. Siku ile kabla hajaumwa. Alichukua kitana changu, nikamfinya mkono. Ule ule, Mjomba. Ule uliokufa."

Mtu mzima mwenye shahada, nilimwambia nitarudi, nikaondoka kama niliyefukuzwa.

Nilimpigia Dada. Nilikuwa nimeiandika hotuba yangu kwenye karatasi, yenye hoja tano, lakini nilifika ya pili tu.

"Unataka kuwaleta hapa?" alisema. "Waone mipira ya damu? Wamsikie anavyolia akigeuzwa?"

"Dada, Rukia anaamini yeye ndiye aliyeuua mkono wa Saida."

"Ataacha kuamini akikua."

"Mimi sikuacha."

Sauti yake ikabadilika. "Wewe hukumwona Kassimu. Mimi nilimwona. Nilimshika miguu ili Mama ambadilishe shuka, na nikasikia anavyolia. Unajua nilivyotamani kupelekwa kwa Jirani na mimi? Mnakula nyama kule, mnacheza mpira, na mimi nachungulia dirishani. Usiniambie habari za kuumia."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Katika kufikiri kwangu kote, hilo halikuwemo. Nilikaa nalo siku nzima. Nikaona kwamba Dada aliachiwa kubeba ukweli bila mtu, nami niliachiwa kubeba uongo bila mtu, na kwamba labda kilichotuvunja sote ni kule kuwa peke yetu. Nikaona pia kwamba huenda nimelikuta wazo hilo kwa sababu linanifaa. Ndivyo akili yangu ilivyo. Ila asubuhi nilimtumia ujumbe: "Leo saa kumi nakuja nao. Mimi ndiye nitakayewaeleza, na mimi ndiye nitakayekaa nao. Ukikataa, nijibu sasa." Nilikaa na simu mkononi mpaka saa tisa. Hakujibu.

Jirani nilimkuta uani anakamua masega ndani ya kitambaa cheupe. Mikono imezeeka, lakini nguvu yake ni ileile. Watoto walikuwa wanacheza karibu na kinu.

"Shikamoo, Jirani."

"Marahaba. Umekuja kula au umekuja kukaa?"

"Nimekuja kuwachukua watoto."

"Mama yao katoka?"

"Bado."

"Unawapeleka wapi?"

"Hospitali. Wakamwone dada yao."

Hakuacha kukamua. "Ulikwenda chuo kusomea udaktari wewe?"

"Ununuzi na ugavi."

"Basi kanunue dawa. Watoto waache wacheze."

"Rukia anadhani kamlemaza mwenzake kwa kumfinya."

"Watoto hudhani mengi. Wape uji, watadhani jingine." Akakisokota kitambaa, asali ikachuruzika. "Kile kitoto kikiwafia mbele ya macho yao, usije ukanililia hapa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali wake, lakini si kwa huo. Nikasema nilichokuwa sijapanga kusema.

"Mimi ndiye niliyekunywa kombe la Kassimu."

"Kombe gani?"

Nilimwangalia nione kama anajifanya. Hakuwa anajifanya. Nikamweleza: bakuli, rafu, watoto wanne ukutani, na maneno yake, neno kwa neno.

"Nilisema hivyo mimi?"

"Ulisema."

"Labda. Nilikuwa na hasira. Maalimu alikuwa kasafiri." Akafikiri. "Yule mtoto alikuwa hamezi tena kitu tangu asubuhi yake. Kombe lile lisingepita kooni. Nilikuwa nalipeleka kwa ajili ya mama yenu tu, aone tunafanya kitu."

"Miaka ishirini nimeamini nilimuua."

"Kwa kombe?"

"Kwa kombe."

"Mbona hukuuliza?"

"Ungenijibu nini?"

Alifungua mdomo. Nililiona jibu likifika kwenye ulimi wake, lenye herufi tano, na nikamwona na yeye analiona. Akafunga mdomo. Akakiweka kitambaa chini.

Nikaendelea, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuwa mkatili na ilikuwa rahisi. "Na ile sahani ulikuwa unaila wewe."

"Nani mwingine angeila?" alisema. "Chakula hakimwagwi."

Alisema vile kwa sauti ya kawaida, kama anavyotaja bei ya chupa. Nilisubiri kitu kilainike ndani yangu, kwa sababu ndivyo inavyopaswa kuwa, mzee amezeeka na kijana ameelewa. Hakikulainika. Nilimwona mwanamke aliyekula peke yake, nyuma ya jiko, mwaka baada ya mwaka, chakula cha watoto waliokuwa hawawezi kula, na bado nilimchukia. Labda nilimchukia zaidi, kwa kuwa alijua uzito wa jambo lile na akatuachia tuubebe bila jina.

"Rukia, Mwanaidi," niliita. "Vaeni viatu."

Jirani aliinuka. Nilidhani atawazuia. Aliinama, akamfunga Mwanaidi mkanda wa kiatu, akamfuta pua kwa ncha ya kanga. Kisha akaingia ndani, akarudi na chupa ndogo ya asali, akampa Rukia.

"Mpelekee Saida," alisema. "Kijiko kimoja, daktari akiruhusu."

Rukia aliiangalia ile chupa, akamwangalia Jirani, akaniangalia mimi. Katika miaka yote niliyomjua, sikuwa nimewahi kusikia jina la mgonjwa likitoka kinywani mwake mbele ya mtoto. Sikumshukuru. Niliwashika watoto mikono tukatoka.

Niliwaeleza njiani, na karatasi yangu ya hoja ilibaki mfukoni. Niliwaambia Saida anaumwa sana. Niliwaambia ugonjwa uko ndani ya damu yake, alizaliwa nao, hauambukizi, na hakuna aliyempa kwa kumfinya, kwa kumgombeza, wala kwa kumwombea mabaya. Mwanaidi aliuliza kama damu ile ni nyekundu. Nilisema ni nyekundu. Rukia aliuliza kama atapona. Hapa ndipo nilipokuwa nimekwama siku zote hizo. Nikasema, "Sijui. Madaktari wanajitahidi. Nikijua kitu, nitakwambia wewe siku hiyohiyo." Akaendelea kutembea. Hakuanguka.

Lilipoonekana jengo refu lenye bati jekundu, akasimama.

"Hapa ndiyo Nzega?"

"Hapana. Hapa ni Tabora. Hii ni hospitali. Saida yuko humu ndani."

Muuguzi wa mlangoni alisema watoto hawaingii wodini. Nilikuwa ninatafuta maneno ya kubishana nilipomwona Dada kwenye veranda. Alikuwa amesimama pale muda mrefu, nadhani. Uso wake ulikuwa umevimba. Alinitazama kwa hasira, akawatazama wanawe, akamwambia muuguzi, "Wanangu hao. Tusogezeeni kitanda dirishani."

Kitanda kilisogezwa. Saida alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha, macho ya njano, mkono wa kushoto umelala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Nilimbeba Mwanaidi mgongoni. Rukia alipanda juu ya tofali, akapenyeza mkono kati ya nondo mpaka ukaugusa ule wa dada yake. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimemshika kiuno.

"Saida," alisema, "bado panauma nilipokufinya?"

Saida alimgeukia polepole.

"Ulinifinya lini?"